Kitufe Kilichompa Mutinda Mke na Watoto Wanne

Mpaka leo kuna watu hapa Kibwezi wakikutana na mimi sokoni huanza kucheka kabla ya kunisalimia, na mimi hucheka nao kwa sababu nitafanya nini, aibu yenyewe niliitengeneza kwa vidole vyangu, tena ikanipata kanisani, mbele ya ukoo mzima, siku ya harusi ya dada yangu Mwende.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, mwanzo mwanzo, wakati kompyuta pale mjini ilikuwa moja tu na mimi ndiye nilikuwa naiendesha (haikuwa yangu, ilikuwa ya tajiri wangu, lakini ungenisikia nikiongea ungedhani nimeizaa). Ofisi yetu ilikuwa ya kuchapa karatasi za watu, na kazi iliyotulisha hasa ni programu za mazishi, kwa sababu huku kwetu mtu hazikwi bila programu yenye wasifu wake, nyimbo na majina ya watakaoongea.

Sasa, kitabu kilichokuja na ile kompyuta kilinifundisha kitu kinaitwa makro. Unaiambia mashine nitazame ninavyofanya, halafu unafanya kazi yako mara moja, unafuta hapa, unabadilisha pale, unateremka, unamaliza. Siku nyingine unabonyeza vitufe viwili tu, Alt na herufi moja, na mashine inarudia yote yenyewe, chap chap, wewe umekunja mikono. Jamani, niliringa. Wale wenzangu wa taipureta nilikuwa nawasalimia nikitaka.

Mwende alikuwa anaolewa na Mutinda, kijana wa Kwa Vonza aliyefanya kazi Mombasa miaka mingi, na hapo ndipo palikuwa na shida. Kijana wa huku akikaa Mombasa sana, watu huanza kusema ana bibi mwingine huko. Shangazi yetu Kalunde alilisema hilo tangu watu wa Mutinda walipokuja kuposa, Mwende akalia, Mutinda akaapa, na mpaka wiki ya harusi shangazi alikuwa bado hajaamini. Neno dogo tu lingetosha kuivunja harusi hiyo, na sisi sote nyumbani tulijua.

Ijumaa Mutinda akaja ofisini kuchukua programu. Sikuwa hata nimeianza. Nikamwambia, "Keti, shemeji, kunywa chai, hii ni kazi ya dakika tano." Nikafungua programu ya mazishi ya mzee mmoja wa Kanyangi aliyezikwa wiki hiyo (mpangilio ni ule ule, nyimbo, maombi, hotuba), nikaandika majina ya maharusi pale juu, nikabonyeza Alt na H, nikajimiminia chai na mimi. Makro hiyo nilikuwa nimeifundisha kutoa neno marehemu na kuweka bwana harusi, kutoa mazishi na kuweka harusi, kuondoa mambo ya kaburi, na kufuta wasifu, mistari kumi. Kumi kwa sababu siku niliyoifundisha, wasifu niliokuwa nao ulikuwa na mistari kumi. Mashine haisomi. Inafuta kumi, inasonga mbele. Na mzee wa Kanyangi, Mungu amrehemu, alikuwa ameishi maisha marefu, wasifu wake ulikuwa na kumi na miwili.

Tena printa yetu ilikuwa haichapi kwa wino, ilikuwa inatoboa stensili, ile karatasi ya nta ya kudurufia, na kusoma stensili lazima uiinue dirishani ukaze macho. Sikuiinua. Niliifunga kwenye ile mashine ya kudurufu, nikazungusha mkono, karatasi zikatoka, Mutinda akanishukuru sana, maskini.

Kesho yake nilisimama mlangoni pa kanisa nikigawa programu, tai shingoni, nikimwambia kila anayepokea kwamba hiyo ni ya kompyuta. Ibada ikaenda vizuri mpaka pasta akauliza kama kuna mtu mwenye sababu ya kuzuia ndoa hii. Shangazi Kalunde akasimama. Yeye alifundisha shule ya Jumapili miaka mingi, na karatasi yoyote akipewa huisoma mpaka mwisho.

"Pasta, mimi sina sababu," akasema, "sababu imeandikwa hapa." Akavaa miwani, akasoma: "Bwana harusi alikuwa mume mpendwa wa Kalekye na baba wa watoto wanne, ambao watamkumbuka daima."

Kanisa zima likainamia karatasi kutafuta mstari huo. Kisha nikaona Mwende anatoa mkono wake kwenye mkono wa Mutinda, polepole, na hapo ndipo nilijua nimemharibia dada yangu maisha. Nikasimama.

"Shangazi, huyo Kalekye si bibi ya Mutinda. Ni bibi ya marehemu."

"Marehemu nani?" pasta akauliza.

"Yule wa Kanyangi. Alizikwa Alhamisi."

"Asi," akashangaa mama mmoja nyuma yangu, "kumbe huyu amerithi bibi ya mtu aliyekufa?"

Nikaanza kueleza makro, Alt, H, mistari kumi, na kila neno nililoongeza lilizidi kuharibu. Pasta akaniinulia mkono. "Na hiyo mashine ikifanya kazi peke yake," akauliza, "wewe unakuwa wapi?"

"Nakunywa chai, pasta."

Watu wakacheka mpaka viti vikalia. Shangazi hakucheka. Alimgeukia Mutinda.

"Wacha huyu na mashine yake. Nakuuliza mbele ya Mungu na watu. Mombasa uko na bibi?"

"Sina, shangazi," Mutinda akasema. "Tulikuwa wanaume wanne kwa chumba moja, hata sufuria tulikuwa tunaazima kwa jirani. Bibi ningemweka wapi? Miaka hiyo yote nilikuwa nangoja Mwende amalize koleji."

Shangazi akavua miwani. "Basi. Nimesikia." Akaketi. Na Mwende akaurudisha mkono wake pale ulipokuwa, akasema, "Pasta, tuendelee."

Wakati wa chakula nilimwendea Mwende kuomba msamaha nikijificha nyuma ya watu. Hakunigombeza. "Hiyo swali," akaniambia, "nimeogopa kumuuliza tangu anichumbie. Ningeingia nayo kwa nyumba yangu. Leo ameijibu, watu wote wakisikia." Machozi yakanitoka, akanipa leso yake, akaendelea kula.

Makro sikuiacha, siwezi kudanganya, ila niliapa kwamba karatasi haitatoka mkononi mwangu tena bila kusomwa. Mtoto wao wa kwanza alipoletwa kanisani kuombewa, programu niliichapa mimi, nikaisoma kwa sauti mwanzo hadi mwisho, shangazi ameketi kando yangu, mtoto amelala mapajani pake, na kila nilipofika mwisho wa mstari alikuwa ananiambia, "Endelea."