Orodha ya Macho Mekundu

Scholastika alijua kusoma bega la mwanamume miaka mingi kabla hajafundishwa kusoma kipimo cha malaria. Bega likishuka, linakuja kofi. Likirudi nyuma, inakuja ngumi. Mwanamume akisimama wima, mikono imelala kama ya mtu anayesali, ujue anatafuta kwa macho fimbo ilipo. Ndoa ya miaka kumi na moja ndiyo iliyomfundisha, nayo iliisha siku alipobamizwa ukutani akiwa na mimba ya miezi saba. Majirani walimfunga kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli kwa kanga mbili, wakamsukuma kilomita ishirini na mbili za mchanga hadi kituo cha afya. Alifika akiwa hai. Mtoto hakufika.

Muuguzi aliyempokea alimwuliza, "Hivi kwenu hakuna mtu wa kuwaleta wagonjwa mapema?"

Hakukuwa na mtu. Ndiyo maana mkutano wa kijiji ulipoitisha wanaotaka kujitolea kuwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, alinyoosha mkono kabla tangazo halijaisha. Watu walicheka. "Anataka kofia ya bure," mmoja alisema. Kofia alipewa kweli, pamoja na begi la bluu, tochi, utepe wa kupimia mikono ya watoto, na daftari kubwa la kaya. Aliapa pia kwamba lililoandikwa ndani ya daftari lile halitatoka kinywani mwake.

Kitongoji chao, Migungani, kiko upande wa Mitundu, ndani kabisa, mahali ambapo gari linalokwama hutolewa na ng'ombe. Kwa miaka tisa Scholastika alizunguka kaya mia moja na tisa kwa miguu. Aliwafuata wasioweza kufuata dawa wenyewe: kiwete, mjamzito asiyeruhusiwa na mumewe, mtu wa kifua kikuu aliyefichwa jikoni kwa aibu. Mara mbili alifukuzwa kwa mbwa. Mara moja mwanamume alimtemea mate usoni, yeye akayafuta, akaendelea kumweleza namna ya kutumia chandarua.

Mwaka huo, alizeti zilipoanza kukauka mashambani, shirika moja la afya likaahidi kuleta daktari wa macho Mitundu kwa siku tatu, na gari la kuwafuata wasioweza kutembea. Lilichotaka ni majina tu. Scholastika akaingia kila kaya, akageuza kope, akamulika. Wenye macho mekundu aliwakuta watu thelathini na wanne, wakubwa kwa wadogo. Vumbi ni jingi, maji ni haba, na nzi wa zizini hawachagui uso. Lakini wa kupasuliwa walikuwa wanane tu. Hao kope zao zilikuwa zimegeukia ndani, kila wakipepesa zinakwaruza mboni. Wote wanane walikuwa vikongwe wa kike, maana wao ndio waliolea watoto wenye vikope, ugonjwa wa macho unaoambukiza, kizazi hadi kizazi, na kupuliza moto wa kuni mbichi maisha yao yote.

Wawili kati yao, Bibi Martha na Bibi Cecilia, walikuwa wake wenza. Mume wao alikufa zamani, wakabaki na nyua mbili zilizotenganishwa na shamba la mtama. Kila baada ya siku chache mmoja alimfuata mwenzake, wakakaa juani, huyu akalaza kichwa kwenye mapaja ya yule, akang'olewa kope moja moja kwa kibano cha bati.

"Ujana wetu tuligombania mume," Bibi Cecilia alimwambia Scholastika, "sasa tunagombania kibano."

"Na kibano kina faida zaidi," Bibi Martha akadakia kutoka mapajani.

Lakini alipoona kalamu, Bibi Martha aliinuka. "Jina langu usiliandike."

"Bibi, bila jina gari halikuchukui."

"Mwanangu, mwanamke mzee huandikwa kwa mambo mawili, msaada au lawama. Msaada mimi sijauona."

"Safari hii utauona kwa macho yako mwenyewe."

"Kwa haya?" Akacheka, machozi yakimtiririka kama kawaida yake. Scholastika naye akacheka, akamwandika. Namba moja.

Migungani kila orodha hubandikwa. Ya wanaopokea msaada wa kaya maskini hubandikwa, ya waliochangia darasa, ya ng'ombe waliochanjwa. Usipobandika, watu husema umeficha jambo. Jumatatu asubuhi Scholastika alinakili majina manane kwa mwandiko wake mzuri, mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Raymond, akagonga mhuri bila kusoma, na Scholastika mwenyewe akaibana karatasi ubaoni kwa miiba minne ya mgunga. Juu alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: WENYE MACHO MEKUNDU, KITONGOJI CHA MIGUNGANI.

Alijua, kama kila mtu alivyojua, kikongwe mwenye macho mekundu anavyosemwa katika sehemu zile: kwamba ni mchawi. Lakini kwa miaka tisa alikuwa amewatazama vikongwe wale kama wagonjwa, akasahau kwamba wengine hawajawahi kuwatazama hivyo.

Siku moja kabla, Jumapili, mtoto wa mwanakijiji mmoja, Shukuru, alikuwa amekufa kwa degedege. Jumatatu wakazika. Wakitoka makaburini, wakiulizana ni nani aliyemroga, wanaume walipitia ofisi ya kitongoji, na pale ubaoni wakakuta majina manane yenye mhuri.

Jumanne, saa nne asubuhi, Bibi Cecilia alikuwa uwanjani kwake akipura alizeti. Ulikuwa wakati wa mavuno. Wanaume wenye fimbo na mapanga hawakumshangaza mtu. Scholastika aliposikia mayowe na kufika, kwa mbio, begi likimpiga mgongoni, wote walikuwa wameshaondoka. Bibi Cecilia alilala kifudifudi juu ya vichwa vya alizeti alivyokuwa akivipiga. Walimkata shingoni na kichwani, kisha wakaendelea kukata kwa muda mrefu baada ya kuwa hakuna haja. Mbegu nyeusi zilikuwa zimeganda mgongoni mwake kama nzi. Nzi wenyewe walikuwa wamefika pia.

Scholastika hakulia. Alivua kanga ya mabegani, akamfunika, na akiwa bado ameinama akaona nyayo zinaelekea kwenye shamba la mtama, upande wa Bibi Martha.

Yeye alizunguka kwa njia ya mbuzi na kuwatangulia kidogo. Alimkuta Bibi Martha akichambua mlenda mlangoni. "Ingia ndani, Bibi."

"Shikamoo yangu iko wapi?"

"Ingia!" Akamsukuma, mikono miwili, kama alivyowahi kusukumwa yeye, akavuta mlango na kusimama mbele yake. Akampigia simu Belinda, muuguzi wa lile shirika aliyekuwa tayari Mitundu akiandaa vyumba. "Leteni gari leo. Sasa hivi. Wanaua." Kisha mtama ukatikisika, wakatokea wanaume sita.

Mbele alikuwa Shukuru, mwenye msiba. Kulia kwake Derick wa bodaboda, na nyuma yao Simoni, jirani wa Bibi Martha, aliyekuwa akimwachia mbuzi wake kila aendapo mnadani. Watatu wengine walikuwa vijana wa ukoo wa Shukuru. Pindo la suruali ya Derick lilikuwa limelowa, na makapi ya alizeti yamenata.

"Dada, toka mlangoni," Shukuru alisema.

"Shukuru, pole na msiba."

"Nimeshapoa. Toka."

"Mmetoka kwa Bibi Cecilia?"

Derick akainua simu, picha kwenye kioo ikimwonyesha Scholastika mwandiko wake mwenyewe. "Serikali imewatambua. Mhuri huu hapa. Namba moja, Martha. Sasa unamficha wa nini, na wewe ndiye uliyetuandikia?"

"Nimeandika wagonjwa!"

"Umeandika macho mekundu. Unajua kusoma au hujui?"

Bega la Shukuru likarudi nyuma. Scholastika aliliona, akawa na muda wa kuinua mkono wa kushoto, ila hakuwa na muda wa kukumbuka kwamba safari hii mwishoni mwa mkono kuna panga. Kidole cha pete na kidole cha mwisho vilidondoka vumbini. Kuku mmoja akaja mbio akidhani ametupiwa kitu.

Aliisokota ncha ya kanga aliyojifunga kiunoni kwenye mkono ule, akakaza kwa meno, na kwa mkono wa kulia akachomoa daftari kwenye begi. Hakujua kwa nini. Baadaye alisema ni mazoea tu: akifika mlangoni mwa mtu hufungua daftari.

"Macho mekundu, sivyo?" Akalifungua. "Haya. Ubaoni nimebandika wanane. Humu wako thelathini na wanne. Kaya ya hamsini na saba: Shukuru, macho mekundu, yote mawili. Mkewe, macho mekundu. Mtoto, miaka mitatu, macho mekundu, amepewa dawa ya kupaka."

Panga likabaki hewani.

"Marehemu mwanao, Shukuru. Nilimgeuza kope mwenyewe, akanicheka. Naye mkamkate kaburini?"

"Nyamaza," Shukuru alisema, lakini kwa sauti ya mtu anayeomba.

"Kaya ya themanini. Derick, jicho la kulia."

"La kwangu ni vumbi la pikipiki!" Derick alibwata.

"Kaya ya themanini na moja. Simoni. Mama yake, mkewe, watoto watatu. Wote."

Ilikuwa kama amewamwagia petroli kisha akawapa kiberiti. Mmoja wa vijana akamsogelea Derick, akamtazama jicho kwa karibu, kama mtu anayekagua ndama mnadani. Derick akamsukuma. "Unanitazamia nini mimi? Katazame kwa Simoni, kule ni ukoo mzima!" Hakumaliza. Fimbo ya Simoni ilimpata mdomoni, meno yakatoka. Kijana akamrukia Simoni, mwingine akamrukia huyo, na wanaume waliokuja kumwua kikongwe wakaanza kuuana wenyewe uani kwake, wakikanyaga mlenda, wakiitana wachawi. Shukuru peke yake hakupigana. Aliketi chini, panga mapajani, akawa anajifikicha macho kwa viganja vyote viwili.

Scholastika alimtoa Bibi Martha kwa mlango wa nyuma. Hawakukimbia, mmoja alikuwa haoni vizuri na mwingine alikuwa anamwaga damu. Walilala kifudifudi ndani ya mtama zaidi ya saa mbili. Bibi Martha aliushika ule mkono uliokatwa, akaubana kwa nguvu zake zote, na hakuuliza swali hata moja. Waliona moshi ukipanda pale nyumba yake ilipokuwa. Ndipo wakasikia gari likinguruma mchangani.

Belinda alizunguka nyumba kwa nyumba na mgambo wawili wa kijiji. Kati ya majina manane alipakia matano. Wawili walikuwa wamekimbilia porini, na wa nane ni Bibi Cecilia. Jioni polisi walifika Migungani, wakamkuta Shukuru palepale alipoketi. Derick na Simoni walikamatwa wakiwa wanavuja damu. Mzee Raymond alishaichana ile orodha na kuitupa chooni, akaapa mbele ya polisi kwamba hajawahi kuiona.

Lakini daftari lilikuwa limeshasomwa. Kabla jua halijazama, majirani walimburuta mama yake Simoni kutoka jikoni, kikongwe ambaye jina lake halikuwa ubaoni hata kidogo, wakamvunja mkono na mbavu. Scholastika aliambiwa kwa simu akiwa kituo cha afya, tabibu akimshona. Alimwomba tabibu asite kidogo. Akageukia ukutani. Alikuwa amemwokoa mmoja kwa kumtoa mwingine, na kiapo alichokivunja hakukuwa na fomu ya kukijaza upya.

"Tuendelee?" tabibu aliuliza.

"Endelea."

Jumatano asubuhi Bibi Martha alikuwa wa kwanza kuingizwa kwenye chumba cha upasuaji. Aliomba Scholastika aingie naye, daktari akakubali. Alilala chali chini ya taa, shuka la kijani limemfunika uso isipokuwa jicho, akamshika Scholastika mkono wa kulia. Sindano ya ganzi ilipoingia alisema, "Hii ni ndogo." Baada ya hapo hakuuachia ule mkono hadi nyuzi za mwisho zilipofungwa na macho yote mawili kufunikwa pamba.

Daktari alikuwa kijana, mpole wa maneno. Alimwinua, akampa masharti. "Kesho tutafungua. Halafu, Bibi, usifikiche, usiinamie moto, na jitahidi usilie. Ukilia utajifuta, na ukijifuta nyuzi zitaachia. Siku kumi."

"Nimesikia, baba."

Waliwaweka kwenye benchi la kibarazani, wawili hao peke yao, mmoja amefungwa macho, mwingine amefungwa mkono. Tangu usiku Scholastika alikuwa akitayarisha uongo. Angesema Bibi Cecilia amelazwa hospitali ya Itigi. Angesema amechukuliwa na ndugu. Hakuwa na uhakika Bibi Martha alisikia nini nyuma ya ule mlango, na aliogopa kumwuliza.

"Bibi, kuhusu Bibi Cecilia..."

Kikongwe akainua kiganja, akaupapasa uso wa Scholastika mpaka akaupata mdomo, akauziba.

"Siku kumi, amesema?"

Scholastika akaitikia kwa kichwa, chini ya kile kiganja.

"Basi utaniambia ya kumi na moja."