Nilizuia Jeneza la Mama wa Mtani Wangu kwa Hasira ya Petroli

Nimekosa, na sitaki mtu anitetee. Nilizuia jeneza la mama wa mtu, juani, mbele ya wafiwa, kwa sababu ya petroli. Nilifanya kusudi. Na wakati nafanya, wallahi, nilisikia raha.

Mimi ni Mluguru wa Mgeta, mama wa makamo, biashara yangu nyanya. Niliyemkosea ni Mnyamwezi mmoja, wakala wa kituo cha mafuta pale Msamvu. Jina lake silitaji. Nitamwita Mtani, maana makabila yetu ni watani na ndivyo tulivyoitana miaka yote. Akiniona tu: "Wewe bibi wa mlimani, nani kakufungulia leo?" Nami namrudishia: "Nyamaza, mpagazi, mzigo wa watu umeuacha wapi?" Tunacheka mpaka wateja wanasahau foleni. Mume wangu alipofariki, huyo Mtani ndiye aliyeshika jembe la kwanza kaburini.

Basi likaja hili soko huria. Serikali ikajitoa kwenye mafuta, kila kampuni ikajipangia bei yake. Asubuhi bei hii, jioni nyingine! Tukaambiwa mafuta duniani yanapungua, meli zimechelewa, tuvumilie. Wakubwa wa kampuni wao walikuja Morogoro kukagua vituo na magari mapya yananukia plastiki. Hao hawakuwa na cha kuvumilia.

Msimu huo nilipata nyanya za kuringia. Nikatia mtaji wangu wote, nikakodi pikapu tuzipeleke Dar. Tulipofika Msamvu tangi la pikapu limekauka, na kwenye pampu kimening'inia kibao: HAKUNA MAFUTA. Mji mzima hivyo hivyo. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Jua la Morogoro mnalijua! Matenga yakaanza kuvuja maji.

Pale kituoni alikuwa akifanya kazi binti wa mdogo wangu, anajaza magari. Akanivuta pembeni. "Mama mkubwa, usinitaje. Tangi la chini limejaa. Tunasubiri bei ipande."

Nikamfuata Mtani. "Niuzie lita kumi tu nifike Chalinze."

"Shuka ulisukume, bibi wa mlimani, si una miguu ya kupandia milima?" Halafu akainamisha uso, akasema taratibu, "Sina ruhusa, Mtani."

Sina ruhusa! Wakala wa kituo, funguo kiunoni, hana ruhusa! Siku ya nne bei ikapanda, na asubuhi ile ile kibao kikaondolewa. Nyanya zangu zilikwishamwagwa jalalani, nzi wanasherehekea. Nikaapa kwamba huyu mtu atanitambua.

Haukupita mwezi, mama yake mzazi akafariki. Mungu anisamehe, niliposikia, kitu cha kwanza nilichosema ni: "Sasa nimempata."

Maana mtani msibani ana ruhusa ya kufanya vituko, hagombezwi. Nilijipaka unga usoni, nikavaa koti kuukuu la marehemu mume wangu, nimeligeuza ndani nje, nikatinga kwake Kilakala. Nikamwigiza bibi marehemu alivyokuwa akiomba ugoro, alivyokuwa akigombana na kuku. Wafiwa walikuwa wanalia huku wanacheka. Mtani mwenyewe alicheka, akafuta machozi, akasema, "Ahsante, bibi wa mlimani. Umenipunguzia." Ningeishia hapo ningekuwa nimefanya kazi yangu.

Sikuishia hapo. Jeneza lilipopakiwa kwenye gari, nikalala chini getini, mbele ya matairi. Hilo nalo ni la kawaida, mtani anazuia, anatupiwa chochote, anapisha. Wakanitupia hela. Nikazisukuma kwa mguu.

"Bibi haendi!" nikapiga kelele. "Gari hili linakwenda kwa maji? Si mlisema hakuna mafuta? Basi na yeye angoje hapa mpaka bei ipande!"

Wachache wakacheka. Mzee mmoja akasema, "Mwanangu, inatosha, jua kali." Nikamjibu kwamba hata nyanya zangu zilikuwa juani.

Mtani akaja, akachuchumaa. "Mtani, tafadhali. Ni mama yangu."

"Sema mbele ya watu. Mafuta yalikuwepo au hayakuwepo?"

Akalitazama jeneza. Kisha akasimama, akavua kofia. "Yalikuwepo. Tangi lilijaa. Kampuni iliniambia nisiuze mpaka bei mpya itangazwe. Ningeuza hata lita moja, wangeninyang'anya kituo."

Mji mzima ulikuwa pale, kuanzia madereva hadi wenye mashine za kusaga. Watu wakaguna, mwingine akatema mate. Mimi nikainuka, nikajikung'uta vumbi, nikaondoka kichwa juu. Usiniulize kama nilimwonea huruma. Sikumwonea hata chembe!

Maneno yale yakafika Dar. Mnadhani kampuni iliona haya? Thubutu! Walimtuma mtu mwenye tai, akatangaza kwamba wao hawajui lolote, kwamba wakala ameficha mafuta kwa tamaa zake, na kwamba amekiri mwenyewe hadharani. Mashahidi? Si mji mzima! Nilikuwa nimewatengenezea ushahidi kwa mikono yangu, na unga usoni. Wakamnyang'anya kituo. Wakala mpya akaja na wafanyakazi wake, binti wa mdogo wangu akafukuzwa, na mdogo wangu mpaka leo akiniona sokoni anageuza uso. Pampu zikapakwa rangi mpya. Bei ikapanda tena wiki hiyo hiyo.

Niliposikia Mtani anahama kurudi Tabora, miguu ilinipeleka kwake yenyewe. Nikamkuta anafunga magodoro kwa kamba. Sikujua mtani anaombwaje radhi, hatujawahi kuombana radhi. Nikajaribu kwa njia ninayoijua. "We mpagazi! Leo unajibebea mizigo ya kwako?"

Akageuka. Tuna umri mmoja mimi na yeye, pengine amenizidi. Akanitazama, akainamisha kichwa kidogo, akasema, "Shikamoo, mama."

Jamani! Afadhali angenitukana. Afadhali angenipiga kofi! Miaka yote ile hajawahi kunisalimia kwa adabu. Mdomo wangu, bila mimi kuutuma, ukajibu, "Marahaba."

"Karibu kiti, mama," akasema, kama unavyomkaribisha mgeni asiyejulikana. Sikukaa.

Wewe unayesoma haya ukiwa na kisasi moyoni, sikuambii usamehe, mimi mwenyewe sijasamehe. Wale wenye magari mapya wangekuja hapa leo, ningelala mbele ya matairi yao mpaka kesho. Lakini hawaji! Anayekuja ni yule mliyezoeana naye, yule unayejua msiba wake uko lini na nyumba yake iko wapi. Huyo mwache apite na maiti yake. Mimi sina tena mtu wa kuniita bibi wa mlimani pale Msamvu.