Seremala Aliyegongewa Muhuri wa Kupona

Shangazi yangu ni fundi miwani. Duka lake ni chumba kimoja chenye kioo mbele, ubao wa herufi ukutani, na kiti ambacho mguu wake mmoja umetegemezwa kwa kipande cha kadibodi. Kwa miaka ishirini na sita amewaambia watu ukweli kuhusu macho yao, hata wale wasioutaka. Mzee mmoja alimtukana kwa kuambiwa asiendeshe tena gari. Shangazi akamjibu, "Nitukane tu, baba, mradi unitukane ukiwa unatembea kwa miguu." Huyo ndiye shangazi ninayemjua. Kwa hiyo alichofanya ng'ambo kilinichukua muda kukimeza, na sijakimeza chote.

Kanisa lake hupeleka watu nchi ya jirani kila mwaka kwa huduma ya wiki mbili. Lugha ni ile ile, lafudhi tu ndiyo inayowaumbua kuwa ni wageni. Hubeba dawa, nguo, na tangu shangazi ajiunge nao, makasha manne ya miwani iliyokwisha kutumika. Kiongozi wa safari ni mtu mwenye mwili na sauti, ambaye mimi humwita Kipaza kwa sababu sijawahi kumwona akimwachia mwenzake kipaza sauti kwa hiari. Shangazi hakupenda nimwite hivyo. Siku hizi naye anamwita hivyo hivyo.

Kipaza ndiye aliyebuni utaratibu wa meza tatu. Kwenye meza ya kwanza shangazi anakupima na kuandika namba ya miwani yako kwenye kadi. Kwenye ya pili unaombewa. Kwenye ya tatu unapewa miwani, ambayo imetafutwa kashani wakati ukiombewa. Lakini ukitoka kwenye maombi ukasema unaona, kadi yako inagongwa muhuri, AMEPONA, unapigwa picha, na miwani inarudi kashani. Kumpa miwani mtu aliyeponywa, alisema Kipaza, ni kumwambia Mungu kwamba kazi yake ameifanya nusunusu.

Wengi wa hao waliopona walirudi baadaye kinyemela, wakasimama nyuma ya meza ya tatu wakijikunakuna, na shangazi akawapenyezea miwani yao bila neno. Yeye alijua, wao walijua, na Kipaza alijitia hamnazo. Mambo yakaenda hivyo miaka sita, na shangazi akirudi nyumbani alikuwa anatuambia kwamba safari zile zinamkuza kiimani.

Safari ya saba akaja seremala. Mtu wa miaka hamsini hivi, vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Mbali alikuwa anaona vizuri. Alama ya penseli kwenye ubao ndiyo aliyokuwa haioni. Shangazi alimpima, akaandika mbili na nusu, na miwani ikapatikana, ya fremu nyeusi, nzima kabisa. Shangazi alikuwa ameishika mkononi aliposikia vigelegele.

Kipaza alikuwa amemtoa seremala uani, kwenye jua la saa sita. Akamfungulia Biblia ya maandishi makubwa na kuisogeza mbali naye, umbali wa mkono ulionyooshwa. Seremala akasoma mstari mzima huku machozi yakimtiririka, na watu wakaanza kuruka. Sasa, fundi miwani yeyote atakwambia kwamba mtu wa umri ule, maandishi yale, umbali ule na jua lile, atasoma hata asipoombewa. Macho kama yale hugoma ndani ya karakana yenye giza, ubao ukiwa karibu na uso. Shangazi alilijua hilo kama anavyojua njia ya kwake. Akafyata ulimi.

"Kwa nini hukusema?" nilimwuliza.

"Niseme hajapona? Mbele ya watu mia tatu wanaomsifu Mungu? Niliona nitamwaibisha Mungu, mwanangu." Kisha akaongeza, "Na Mungu hakuniomba nimfichie aibu. Aibu yenyewe ilikuwa yangu na ya Kipaza."

Jioni yote alimsubiri seremala arudi kinyemela kama wengine. Hakurudi. Alikuwa mkweli kupita kiasi. Akishasema amepona, amepona.

Mwaka uliofuata alijitokeza tena kwenye meza ya kwanza, mkono wa kushoto mfukoni. Shangazi akamwomba ashike kibao cha herufi kwa mikono miwili. Vidole viwili havikuwepo.

"Msumeno wa umeme," akasema. "Sikuuona mstari, mama. Ila msumeno hauna kosa. Niliupoteza uponyaji wangu mwenyewe."

"Nani kakwambia?"

"Wazee wa kanisa letu. Walinikalisha chini. Wakasema Mungu alikupa macho watu wote wakiona, sasa yameondokaje kama huna dhambi uliyoificha? Nikasema sina. Wakanipa wiki tatu nifunge, niikumbuke. Nikatafuta, mama, nikakosa. Mwisho nikawaambia nina mwanamke nje."

"Unaye?"

"Sina. Lakini wao walikuwa wamechoka, na mimi nimechoka. Nilidhani nikitubu chochote watanifungulia, mambo yaishe."

Siku ya kuungama mkewe alikuwa ameketi safu ya mbele. Hakungoja wimbo wa mwisho. Alichukua watoto watatu akahamia kwa dada yake, na tangu hapo alikuwa hamjibu hata salamu.

Shangazi akaweka kadi chini. Akamweleza yote: jua, maandishi, umbali wa mkono, miwani aliyokuwa ameishika wakati wenzake wanashangilia. Kwamba hakupona, na hakukuwa na dhambi yoyote iliyomponza. Seremala akauliza jambo moja tu.

"Ulijua siku ile ile?"

"Nilijua."

"Basi twende ukamwambie mke wangu."

Kipaza aliwakuta getini. "Dada, watu wako kwenye mstari. Na mambo haya tusiyapeleke nje, tutawayumbisha wachanga." Shangazi alimpita bila kumjibu. Katika miaka minane ya safari hizo, hilo ndilo jambo moja analojivunia.

Walitembea karibu saa nzima, seremala mbele, shangazi nyuma na fulana yake ya huduma yenye jina la kanisa kifuani. Mke walimkuta uani kwa dada yake, anafua. Shangazi alimsalimu, akaanza kusema haraka haraka, kwa hofu ya kufukuzwa kabla hajamaliza. Alisema mumeo hana mwanamke, mwenzangu, nakuapia. Alisema kosa lote ni lake yeye, alinyamaza mwaka mzima na hajapata usingizi wa maana. Alipofika kwenye vidole akashindwa kuendelea. Alilia, akapiga magoti kwenye maji ya sabuni, akaomba msamaha, na ya miwani akayasahau yote. Seremala alisimama kando ameinamisha kichwa.

Mwanamke yule alikamua shati alilokuwa nalo, akalitundika, akafuta mikono. Kisha akamtazama shangazi kuanzia viatu mpaka kilemba.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Alipokataa kutaja jina, nilidhani anamficha mtu wa hapa hapa."

Akaingia ndani na kufunga mlango. Shangazi alibisha, akaita, akaeleza ya miwani kwa sauti kupitia mlangoni, mpaka dada mtu akatoka kumwomba aondoke, kwa sababu watoto wanasikia.