Mstari Juu ya Jina la Valentine

Mto ulipoingia chumbani mwake mwezi wa Mei, Nyakerario alitoka na wavulana wake wawili, godoro na gunia la dagaa wa omena, akapanga chumba kingine upande wa juu wa mji uleule wa Migori. Chumba cha Homa Bay, alichokuwa amekipanga tangu awali, hakukiacha. Humo alilala Valentine, kifungua mimba wake, kwa kuwa mashine ya kusafisha damu ilikuwa huko na ilimtaka mara mbili kwa wiki. Shule ya wavulana ilikuwa Migori, na meza ya omena pia. Nyumba mbili, mama mmoja. Cherehani yake ilikuwa imeshauzwa kulipia matibabu. Nyakerario hakulia. Tangu mwaka jana machozi hayakuwa yakija, hata alipoyasubiri.

Ikatangazwa kwamba serikali itawalipia kodi ya miezi mitatu wote waliotolewa nyumbani na maji. Majina yalisomwa hadharani uwanjani kwa chifu, ili jirani amkatae anayedanganya.

"Nyakerario Orina!" Karani, bwana mmoja aliyeitwa Stanley, alimtazama juu ya miwani. "Umepanga nyumba ingine mahali?"

Bhoke, jirani yake wa sokoni, akamkanyaga mguu. "Hana! Maji yalimfika hapa," akasema, akijishika kifua. "Na vile ni mfupi, wewe yangekufika magotini."

Watu wakacheka.

"Mama, nimeuliza yeye."

"Ninayo," Nyakerario akasema. "Homa Bay. Nina mgonjwa huko."

Kicheko kikaisha. Stanley aligongagonga fomu kwa kalamu. "Mwenye nyumba mbili haingii. Sio mimi nasema, ni fomu." Kisha akainamia majina ya watu wa nyumba yake kwenye fomu, sauti ikashuka. "Huyu Valentine ana miaka mingapi?"

"Ishirini."

"Basi ni mtu mzima. Mtoe kwa watu wa nyumba yako. Kile chumba kinakuwa chake, wewe unabaki na kimoja. Lakini mstari unapiga wewe mwenyewe, na sahihi kando. Mimi siwezi kukupigia."

Akampa kalamu.

Mwaka jana, walipokwisha kumzika mumewe Orina, karani wa kanisa alifungua daftari la washiriki, akaweka rula, akapiga mstari juu ya jina lake, taratibu, kama anayekata kitambaa. Nyakerario alikuwa amesimama hapo. Tena kwao mtu akiugua, hata kikombe chake hakiondolewi rafuni, isije ikawa kumhesabu na wafu.

"Mama Vale, piga tu," Bhoke akanong'ona. "Hiyo ni kalamu, sio panga."

Akapiga.

Stanley akainua karatasi kwenye mwanga. "Mstari hauonekani, mama. Rudia."

Alitafuta ndani yake kitu cha kukataa, asikipate. Palikuwa pamekufa ganzi kama mkono uliolaliwa usiku kucha. Alifikiria tu kwamba bila msaada huu chumba cha Homa Bay kingekwenda, na mtoto angekuwa mbali na mashine. Akarudia, akakandamiza. Akaweka sahihi.

"Imepita. Anayefuata!"

Ijumaa, kabla Sabato haijaingia, alikuwa Homa Bay. Valentine alikuwa ameketi kitandani, miguu imevimba.

"Wamekubali?"

"Wamekubali."

"Si nilikuambia! Na vile unaogopa makarani, nilijua utatoroka ukiitwa jina."

Nyakerario akacheka kwa mdomo tu. Akachemsha maji, akamwosha miguu, kidole kwa kidole. Kisha akafungua mkoba atoe kitabu cha nyimbo, mkono ukagusa kalamu. Ya Stanley. Alikuwa ameondoka nayo bila kujua.

Nyuma ya kitabu, Orina alikuwa ameandika watu wa nyumba yake, yeye akiwa wa kwanza. Nyakerario alikaa ukingoni mwa kitanda, akaandika chini kabisa: Valentine.

Binti akachungulia begani mwake. "Mama, mbona unaniandika tena? Si niko hapo juu?"

"Nilikuwa najaribu kalamu."

"Inaandika?"

"Inaandika."

Akapitisha wino juu ya jina lile mara ya pili, akikandamiza, mpaka herufi zikajitokeza upande wa pili wa karatasi.