Difu la Mkubwa, Difu la Mdogo

Mume wangu Mayige hajui kusema hapana. Nimeishi naye tangu ujana wetu kule Kiloleli, nimemzalia, nimemfulia ovaroli zenye grisi, na neno hilo sijalisikia kinywani mwake. Watu wa Bariadi wanamsifu: mpole, hana makuu, hana maneno. Wasifu tu, si hawaishi naye.

Alikuwa dereva wa lori la marehemu mzee Ngassa. Lori la matairi kumi, ekseli mbili nyuma, na kila ekseli na difu lake. Difu, kwa asiyejua, ni lile tumbo la chuma katikati ya ekseli. Ndani mna meno yanayopokea nguvu ya injini na kuipeleka kwenye matairi. Meno yakiwa ya nguvu, lori linapanda mlima na mzigo wake, lakini mbio halina. Yakiwa ya mbio, kwenye lami linateleza vizuri, ila kwenye tope utalia. Mke wa dereva huyajua haya apende asipende, maana ndiyo mazungumzo ya ugali.

Mzee alipofariki, lori likabaki kwa wanawe wawili. Mkubwa, Januarius, biashara yake ni ya lami, Bariadi na Mwanza. Mdogo, Nyanda, anapeleka mizigo vijijini, Itilima na Meatu mpaka Mwanhuzi. Wakawa wanapokezana, wiki huyu, wiki yule, dereva akiwa yule yule. Mayige hakuwa na wiki yake ya kupumzika, na nani angemuuliza?

Meno ya madifu yote mawili yakaisha. Lori likawa linanguruma, hata nikiwa jikoni nalisikia likiingia mtaani. Ikabidi yabadilishwe. Januarius akataka meno ya mbio, Nyanda akataka ya nguvu. Wakagombana mpaka kanisani wakawa wanakaa mbalimbali. Ndipo wazee wa ukoo wakaitwa, wakakaa, wakakunywa chai yao, wakaamua: kila mmoja na lake, kama mlivyogawana ng'ombe. Difu la mbele la mkubwa, la nyuma la mdogo, na kila mtu atie meno anayoyataka. Watu wakapiga makofi! Jamani, makofi.

Fundi Marcelo aliwaambia haifai. Alisema madifu hayo yanavuta pamoja, lazima meno yalingane. Ukichanganya ni sawa na kufunga maksai wawili nira moja, mmoja anakimbia, mwingine anatembea. Alisema vizuri kabisa. Kisha akainama, akayafunga. Ana watoto wa kulisha, alisema. Na mimi nafuga nini, bata?

"Baba Harieth," nikamwambia mume wangu, "kataa kuendesha hilo lori."

"Lori ni lao, mama Harieth."

"Na roho ni ya nani?"

Akacheka. Ndiyo jibu lake, kucheka.

Akaliendesha. Kwenye lami likawa linachemka huko nyuma, linatoa harufu ya oili iliyoungua, naye anasimama pembeni mpaka lipoe. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia Januarius kwenye simu, "Linapata joto kidogo, bosi." Kidogo! Nilitamani nimnyang'anye ile simu. Sikumnyang'anya, na hilo linaniuma mpaka leo.

Mvua zikaanza, Nyanda akapata kazi ya kupeleka mbegu za pamba. Kupita Migato kuna korongo, na kutoka ng'ambo ni kupanda tope tupu. Lori likakwama katikati ya mwinuko. Mayige akafanya anachofanya dereva yeyote: akabonyeza kufuli la madifu ili ekseli zote mbili zivute kwa pamoja. Zikavuta, kila moja kwa mwendo wake. Anasema ilisikika kama mtu amevunja jiwe kwa nyundo. Nguvu ikakatika. Breki zilishika, lakini tairi lililoshikwa juu ya tope linateleza tu. Akaruka chini kuweka jiwe, lori likateleza nyuma na mbegu zake zote, likamkanyaga mguu wa kulia.

Hospitalini hapa Bariadi walifanya waliloweza, wakasema apelekwe Mwanza haraka, mguu bado unaweza kuokoka. Ndugu wawili wakafika. Nikasema moyoni, afadhali, wenye lori wamekuja. Thubutu! Walisimama pande mbili za kitanda, wakabishana ni difu la nani lililovunjika. Likiwa la mbele, Januarius ndiye wa kumpeleka Mwanza. Likiwa la nyuma, Nyanda. Wakamwita Marcelo alifungue. Marcelo akarudi na majibu: lililovunjika ni la mbele, ila limevunjwa na la nyuma. Basi kila mmoja akapata la kusema. Mimi nikamuuza mtamba wangu wa mwisho, tukaenda wenyewe. Tulipofika, mguu ulishakuwa mweusi. Wakaukata chini ya goti.

Jirani akanifariji, eti wapiganapo tembo, nyasi ndizo huumia. Nikamjibu nyasi huota tena.

Ukoo wa Ngassa ulikaa mara ya pili. Si kwa ajili ya mume wangu. Ni kwa sababu watu walikuwa wanawacheka. Na safari hii ndugu wakakubaliana upesi: kosa ni la dereva, asingebonyeza lile kufuli. Wakashikana mikono. Ikapangwa sherehe ya kupatana, achinjwe nzagamba, dume la haja, nasi tukaalikwa.

Nilimfunga vifungo vya shati mwenyewe. "Leo utasema," nikamwambia. "Waambie ulijua. Waulize mguu wako uko wapi."

"Nitasema," akajibu, na safari hii hakucheka. Nikamwamini.

Watu walipokwisha kula, akaitwa atoe neno. Akasimama na magongo yake. Marcelo akaangalia sahani yake. Januarius na Nyanda walikaa bega kwa bega. Mume wangu akawatazama wote wawili.

"Wabeja," akashukuru kwa Kisukuma. "Wabeja sana kwa kupatana. Mzee angefurahi."

Wakapiga makofi. Wengine walifuta machozi. Kisha Januarius akaja kwangu mwenyewe, anatabasamu, akaniwekea mbele zawadi ya ukoo: mguu mzima wa nyuma wa yule nzagamba, umefungwa kwenye mfuko wa salfeti.

Sikuunyooshea mkono.

"Chukua, mama Harieth," Mayige akaninong'oneza. "Usiwaudhi."

Nikauchukua. Nikaubeba mimi mpaka nyumbani, maana yeye na magongo asingeweza.