Jina Ambalo Kogo Aliniachia Peke Yangu

Admin, tafadhali nifichie jina. Huku Mogogosiek tunajuana sote.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na moja, mtoto wangu wa kwanza bado ananyonya, na nasoma masters. Masomo ya darasani nimemaliza. Sasa idara inataka niamue kabla ya mwezi huu kuisha: niandike thesis, au nifanye project fupi nimalize haraka. Mtaniona mjinga kukosa usingizi kwa jambo kama hilo. Ngojeni niwaeleze.

Utafiti wangu ni wa akina mama wa zamani waliochuma chai wakiwa na watoto wachanga. Wa kwanza kumhoji alikuwa Kogo, nyanya ya bwanangu, wakati huo nikiwa na mimba. Alinipenda mpaka watu wakawa wananitania kwamba mimi ndiye niliyezaliwa hapo na bwanangu ndiye aliyeolewa. Tulikaa jikoni, simu ikirekodi, akicheka juu ya nyapara mmoja aliyeogopa nyuki. Halafu akatazama mlango. Akauliza, "Bwanako ako wapi?" Nikamwambia ameenda kukamua ng'ombe. Akaufunga mlango.

Aliniambia kwamba kabla ya baba mkwe wangu kuzaliwa, alikuwa na msichana. Mvua ya mawe iliwapata shambani, mtoto akiwa amelazwa ndani ya kikapu mwisho wa mstari, na nyapara akakataza mtu yeyote kuondoka kabla chai haijapimwa. Kogo alipomfikia, mtoto alikuwa baridi. Yeye na rafiki yake wakamzika palepale kati ya michai. Babu, mume wake, alikuwa kazini mbali, hakuwa amemwona huyo mtoto, akaambiwa mimba iliharibika. Kogo akanitajia jina lake. Akasema, "Andika, mtoto wangu. Aandikwe mahali. Lakini watoto wangu wasijue."

Alifariki kabla sijajifungua. Nilipojifungua msichana, wamama wa boma walikuja kumwita vile tunafanya kwetu: wanataja majina ya waliotangulia, na likitajwa jina mtoto akapiga chafya, huyo ndiye amerudi. Wakataja la Kogo mpaka wakachoka. Mtoto kimya. Mwishowe shangazi mmoja akamnusisha ugoro kidogo, akapiga chafya, nyumba ikajaa vigelegele. Sasa baba mkwe akimbeba humwita "mama", na machozi yanamtoka.

Lakini kesho yake, nikimwogesha tukiwa wawili tu, lile jina lingine lilinitoka mdomoni. Sijui kwa nini. Akapiga chafya papo hapo. Ugoro haukuwepo. Najua maji yanaweza kumfanya mtoto apige chafya, na wazee husema mtoto aliyekufa mdogo haitwi. Hayo yote nimejiambia. Bado naogopa. Nikiwasha ile rekodi niiandike, mtoto anaacha kunyonya, anaangalia mlango. Mvua ikigonga mabati namkimbilia, hata kama amelala vizuri kitandani.

Msimamizi wangu wa chuo anasema, "Hayo mahojiano ndiyo thesis yenyewe. Ukichukua project, si yatabaki kwa simu yako tu?" Na kuficha majina hakusaidii, kwani hapa nani hakumjua Kogo? Bwanangu, ambaye hajui lolote, ananihimiza kila siku: "Andika. Mimi ndio nitasoma wa kwanza, nimtafsirie baba asikie maisha ya mama yake."

Juzi baba mkwe mwenyewe alikuja, akasimama mlangoni na kofia mkononi. "Binti yangu, niwekee sauti ya mama kidogo tu. Nimeanza kusahau vile alikuwa anacheka." Nikamdanganya kwamba simu imezima. Akasema hakuna shida, atarudi Jumapili wakitoka kanisa, yeye na ndugu zake wote.

Nikiandika, huyu mzee atajua dada yake yuko chini ya chai anayoipita kila siku, na kwamba mama yake alimficha hilo mpaka kaburini. Nisipoandika, yule mtoto itakuwa ni kama hakuwahi kuzaliwa. Nyinyi mliosoma, na nyinyi mliowahi kuzika mtoto, naomba mnishauri bila matusi. Nichague nini? Na Jumapili wakifika, hiyo simu niwape?