Sumu ya Samaki na Paka wa Shangazi

Miaka ile watu walipoanza kuvua kwa sumu ziwani, shangazi yangu wa Kitendaguro alikuwa na maabara yake: paka. Samaki yeyote aliyetoka mwaloni, kule wavuvi wanakoshushia, kipande cha kwanza kilikuwa cha paka. Alimpa huku akimwomba radhi, kisha sote tulikaa kumtazama paka, ndizi zikipoa.

Sikumcheka sana. Alikuwa amezika wadogo zake wawili na wake zao kwa ugonjwa ule wa UKIMWI, akabaki na watoto watano wa kulea. "Hawa siwapotezi kwa ajili ya samaki," alisema.

Mimi nilikuwa nimetoka tu kwenye mafunzo ya kupima samaki, na nilijiona kweli kweli. Nikamweleza: unakamua maji ya samaki, unayadondoshea kwenye kikaratasi cha dawa, unasubiri. Kikigeuka bluu, samaki ni salama. Kikibaki cheupe, ana sumu. Paka hahusiki.

"Haya, mtaalamu," akasema, akamfungia paka chumbani.

Nikampima sato wa siku ile. Kikaratasi kikabaki cheupe. Nikarudia, cheupe. Watoto wakaweka sahani chini. Nikatangaza, kwa sauti ya kitaalamu, kwamba sato yule atupwe.

Shangazi akaguna. "Pima na maji ya kunywa."

Nikapima ili kumridhisha. Cheupe.

"Mawe!" akamaka kwa Kihaya. "Basi tumekwisha wote. Hebu lete mikono yako."

Akanusa vidole vyangu. Asubuhi ile alikuwa amenituma nipulizie kahawa dawa ya wadudu, nami nilinawa haraka haraka kwa maji matupu. Muda wote nilikuwa napima mikono yangu mwenyewe! Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu mazishi ya mwisho sikuwa nimemsikia akicheka hivyo.

Nikanawa kwa sabuni mara tatu, nikachukua vikaratasi vipya. Maji, bluu. Samaki, bluu. Tukala.

Jumapili, nje ya kanisa, aliwatangazia majirani kwamba mtoto wa kaka yake anapima samaki, "ila hakikisheni amenawa." Mchana walikuja wanawake watatu na samaki wao kwenye majani ya mgomba. Samaki wawili walikuwa salama. Wa tatu, kikaratasi kilibaki cheupe, na safari hii mikono yangu ilikuwa safi. Nilirudia mara mbili, shangazi akichungulia begani kwangu bila utani wowote.

Tulimfukia samaki yule nyuma ya nyumba. Mwenyewe, mama wa watoto wanne, alisimama pale akinishika mkono.